Mbele ya Farao Tuseme Kweli
Neno kwa wale wenye kuomba viza ya kukaa kwa muda katika inchi ya wengine

Masomo: Mwanzo 12:10-20; Mwanzo 46:31 mpaka 47:12; 2 Wafalme 5:15-27



Kila Jumatano, mbele ya ibada ya kufunga, sisi mashemasi tunakusanya vikaratasi vya mahitaji na kuvipeleka kwa wazee ili waviombee. Zamani tulisoma ndani yake ugonjwa, ugumba, deni la lekule, bwana asiyekuwa na kazi. Mambo hayo yangaliko. Lakini neno moja limeongezeka sana, nalo ni viza. Kijana anaandika: dosie yetu ipite. Mama anaandika: mtoto wetu apewe ruhusa ya kukaa. Mwingine anaandika neno moja tu, jina la inchi, na chini yake tarehe ya kwenda gisheni.

Hatucheki vikaratasi hivi. Tunajua njaa iliyo nyuma yake. Lakini kisha ibada, watu wengine wanatungoja mlangoni na maombi ya namna nyingine. Mmoja anataka barua yenye kashe ya kanisa kusema yeye ni mchungaji, na hata ubatizo hajapata. Mwingine anataka tubadilishe mwaka wa kuzaliwa katika daftari la ubatizo. Wa tatu anauliza nabii anataka feza ngapi ili viza itoke. Juu ya hao wa mlangoni, na juu ya wote wenye kutazama kusini ao Bulaya, tunaandika neno hili.

Kusafiri si zambi

Tuanze hapa, mtu asije akasema kanisa linakataza watu kutafuta maisha. Mungu alimtoa Abramu kwa baba yake. Yakobo alivuka mto na fimbo tu. Babu zetu pia walihama kutafuta kazi, na wao pia walijua makaratasi: wakati wa Wabelgiji, Mkongomani aliyetaka kutoka kwa chefu wake na kukaa mbali kwa muda mrefu alipaswa kupata ruhusa ya mwandiko. Hivi kuombwa karatasi si jambo jipya kwetu.

Tuelewe tu kile tunachoomba. Viza ya kukaa kwa muda si viza ya matembezi, wala si uraia. Ni ruhusa ambayo inchi inamupa mgeni akae kwake kwa sababu moja iliyotajwa, kwa siku zilizohesabiwa. Sababu ikiwa ni masomo, ni ya masomo. Ikiwa ni kazi, ni ya kazi ile. Ni kama nyumba ya kupanga: unaingia kwa masikilizano, unakaa kwa masikilizano, na mwenye nyumba anajua jina lako la kweli na hesabu ya watoto wako.

Dosie ya kwanza: Abramu

Biblia inatuonyesha watu wawili walioshuka Misri kwa sababu moja, njaa, na wote wawili walitaka kukaa huko kwa muda. Wa kwanza ni Abramu, katika Mwanzo 12. Alipokaribia mpaka aliogopa. Aliona uzuri wa mke wake Sarai, akawaza kwamba Wamisri watamuua juu yake. Basi akapanga na mke wake maneno ya kusema: wewe ni dada yangu.

Tuangalie vizuri uongo huu, kwa maana unafanana sana na wetu. Mwanzo 20 inatufunulia kwamba Sarai alikuwa kweli binti ya baba yake Abramu, ingawa si wa mama mmoja. Kumbe ilikuwa nusu ya kweli! Abramu angaliweza kuapa mbele ya karani yeyote. Lakini alisema ile nusu ili kuficha nusu nyingine, na Mungu hakuihesabu kuwa kweli.

Tena tuangalie kwamba uongo huu ulifaulu. Abramu alipita mpaka. Alipata kondoo, ngombe, punda, ngamia, watumishi. Kama angalirudi kuhubiri katika kartie yetu, watu wangalisema: huyu mtu ana mayele, Mungu amemufungulia mlango. Lakini mke alikuwa wapi? Mke alikuwa ndani ya nyumba ya Farao. Mali iliingia kwa mlango mmoja na mke akatoka kwa mlango mwingine.

Kisha mapigo yakaangukia nyumba ya Farao, na jambo likajulikana. Farao, asiyemjua Mungu wetu, akamwita mtu wa imani na kumuuliza sababu gani alimdanganya. Hatusomi jibu la Abramu. Farao akaamuru watu wake wamusindikize mpaka nje, yeye na mke wake na vitu vyake. Leo tunaita hivyo kurudishwa kwa nguvu. Haya ya kukaripiwa na mpagani ilimupata baba wa imani mwenyewe.

Na haikuisha pale. Katika Mwanzo 20 alisema tena maneno yale kwa Abimeleki wa Gerari. Katika Mwanzo 26, mtoto wake Isaka alikwenda Gerari na kusema vilevile juu ya Rebeka. Ndugu, uongo ukiingia katika dosie ya baba, mtoto anausoma na kuuandika upya katika dosie yake.

Dosie ya pili: nyumba ya Yakobo

Wa pili ni Yakobo na watoto wake, katika Mwanzo 46 na 47. Yosefu alikuwa mkubwa katika Leta ya Misri. Leo tungesema: ndugu yetu iko ndani, atapanga kila kitu, hakuna maulizo. Lakini Yosefu hakuwaingiza kwa mlango wa nyuma. Aliwaambia kwamba Farao atauliza kazi yao, na akawafundisha kujibu kwamba wao ni wachungaji wa mifugo tangu ujana wao, kama baba zao.

Jambo la kushangaza ni kwamba Wamisri waliwachukia wachungaji wa mifugo. Andiko linasema hivyo wazi. Kama ni sisi, tungaliandika biashara, ao tungaliandika injinia. Yosefu aliwatuma waseme ile kazi yenye kudharauliwa.

Basi ndugu 5 wakasimama mbele ya Farao. Akawauliza kazi yao, wakasema kweli. Wakasema sababu ya kuja: malisho yamekwisha, njaa ni kali Kanani. Wakasema wametaka kukaa kama wageni. Wakataja mahali: Gosheni. Kazi, sababu, muda, makao. Wapendwa, hayo ndiyo maulizo ambayo kila gishe ya viza inauliza mpaka leo! Kisha Yakobo mwenyewe akaingizwa, na Farao akamuuliza umri wake. Mzee akajibu miaka 130. Hakupunguza hata mmoja.

Farao akawapa Gosheni. Tena akaongeza jambo wasiloomba: akamwambia Yosefu kwamba kama kuna watu hodari kati yao, awaweke kuwa wasimamizi wa mifugo ya Farao mwenyewe. Kazi waliyodharauliwa juu yake ndiyo iliyowapatia kazi ya Leta. Kama wangalijificha, nani angalijua kwamba wanajua ngombe?

Tuelewe sheria ya mwenye nyumba

Wengi wetu tunatazama Afrika ya Kusini, tena ni karibu kwa basi: Kasumbalesa, Zambia, Zimbabwe, mpaka Beitbridge. Basi tuseme mambo machache ya kule, ili mtu asidanganywe na komisionere wa barabarani.

Inchi ile ina sheria ya uhamiaji ya mwaka 2002. Ndani yake kuna viza za kukaa kwa muda za namna mbalimbali: ya masomo, ya kazi, ya biashara, ya matibabu, ya jamaa, na nyingine. Kila moja ina mlango wake.

Tangu tarehe 26 mwezi wa 5 mwaka 2014, masharti yalikazwa. Mwenye kuomba anapaswa kujionyesha yeye mwenyewe, hawezi kutuma mtu. Na mtu aliyeingia na viza ya matembezi, kwa kawaida hawezi kuibadilisha kuwa ya kazi ao ya masomo akiwa ndani ya inchi. Komisionere anayekuambia uingie kwanza na matembezi, mengine yatapangwa kule, anauza sheria iliyokufa.

Mwenye kuomba kukaa anatayarisha paspoti ambayo muda wake unapita mwisho wa safari kwa siku 30 ao zaidi, kasie judisiere, hati ya muganga, hati ya chanjo ya homa ya manjano, na ushuhuda kwamba ana feza ya kuishi. Mwanafunzi anaongeza barua ya lekule iliyomupokea na asiransi ya matibabu. Mwenye kutafuta kazi anaongeza kontra ya kazi, na diploma yake inapimwa na ofisi ya kule yenye kuitwa SAQA. Viza ya jamaa ni kwa jamaa wa karibu wa raia ao wa mtu mwenye ruhusa ya kukaa milele. Inatolewa kwa muda usiopita miaka 2, tena haitoi ruhusa ya kufanya kazi. Ndugu wa kanisa si jamaa mbele ya sheria hiyo, hata kama ni ndugu mbele ya Mungu.

Mtu akitaka kuongeza muda, aombe siku 60 mbele ya viza kuisha. Asingoje juma la mwisho na kuanza kufunga chakula. Akipitisha siku zake, hata kama hazifiki 30, anaweza kutangazwa asiyetakiwa kwa miezi 12. Akipitisha zaidi ya 30, ni miaka 5. Na mtu aliyekutwa na viza ao paspoti ya uongo anahesabiwa katika inchi ile kuwa mtu aliyekatazwa.

Kwa nini tunaandika haya katika karatasi ya kanisa? Kwa sababu tumeona watu wenye kujua zaburi kwa moyo, lakini wanatia sahihi kwa formulere ambayo hawajasoma. Wanamuachia komisionere kuijaza, kisha wanasema ni yeye aliandika. Sahihi ni ya nani? Mbele ya karani ni yako. Mbele ya Mungu ni yako pia.

Ile nusu ya kweli inakula nini

Kijana mmoja wa jirani yetu alikuwa na mke na watoto 2. Alipotengeneza dosie, komisionere akamwambia: andika selibatere, bila watoto, dosie itakuwa nyepesi. Tena haikuwa uongo mtupu, kwa maana hawakuwa bado wamekwenda komini kuandikisha ndoa. Nusu ya kweli! Alipata viza, akaenda, akafanya kazi, akatuma feza kila mwezi kama mtu mwaminifu. Kisha miaka akataka kuita mke na watoto. Ofisi ikafungua dosie ya kwanza na kusoma kwamba mtu huyu hana mke wala mtoto. Kila hati ya kuzaliwa aliyoleta ilionekana kama imetengenezwa jana. Kusema kweli sasa ilikuwa kukubali kwamba alidanganya pale mwanzo, na ruhusa yake mwenyewe ingeingia katika hatari. Basi watoto wake wanamujua kwa simu. Wanamwita papa kwa simu.

Wapendwa, je, hii si Mwanzo 12? Mali iliingia, na nyumba ikatoka.

Wengine wanabadilisha umri. Kisha diploma inasema mwaka mmoja na paspoti mwaka mwingine, na mtu anakuwa watu wawili. Wengine wanachukua hati ya ndugu aliyekufa, na mama anasikia mtoto wake mzima anaitwa kwa jina la marehemu. Wengine wanafunga ndoa ya karatasi. Kule Afrika ya Kusini, wenye kuomba kwa sababu ya ndoa wanaweza kuulizwa kila mmoja peke yake, na majibu yanalinganishwa. Lakini hata kama majibu yakilingana, ndoa ni kitu tunachobariki mbele ya mazabahu. Hatuwezi kuibariki Jumapili na kuiuza Jumatatu.

Nabii si gishe

Sasa tuseme na sisi wenyewe, kanisa lenye manabii. Sisi tunaamini kwamba Roho anaonyesha. Tunaamini maono na ndoto. Hatuoni haya juu ya hiyo. Lakini tusome 2 Wafalme 5.

Naamani alitoka Shamu, inchi ya kigeni, akitafuta matibabu. Alikuwa na barua ya mfalme wake kwa mfalme wa Israeli, na mali nyingi. Kisha kupona alitaka kumulipa Elisha, na Elisha akakataa kabisa. Lakini Gehazi, mtumishi wake, akamufuata mgeni nyuma, akatunga habari ya vijana wawili waliofika kutoka mlimani, akapata talanta 2 za feza na mavazi. Mwisho wake ukoma wa Naamani ukamushika yeye na uzao wake.

Andiko hilo ni kioo kwetu sisi tunaosimama karibu na nabii. Mtumishi anayesema leta dolari 100 ili viza itoke, leta 50 ili jina lako litiwe maji ya baraka, huyo hafuati njia ya Elisha. Anafuata gari la Naamani. Kama mtu yeyote wa kanisa, hata shemasi, akikuomba feza juu ya maombi ya viza, usitoe. Uje uwaambie wazee.

Na nabii akikuambia ameona safari, pokea neno lile kwa unyenyekevu, lakini usiuze parseli mbele ya viza kuwa ndani ya paspoti. Neno likiwa la Mungu, halitaharibika kwa kungoja. Tunajua mama aliyeuza mashine yake ya kushona ili kulipa komisionere. Viza haikutoka, feza haikurudi, na sasa anashona kwa mashine ya mwingine. Mashine ile ndiyo iliyokuwa malisho yake. Hakukuwa njaa Kanani kwake, lakini alishuka Misri.

Juu ya barua za kanisa, msituone kuwa wagumu. Barua yetu itasema kile daftari linasema: jina, siku ya ubatizo, kazi ambayo mtu anafanya kweli kati yetu. Mwenye kuimba tutaandika mwimbaji. Mwenye kufagia hekalu tutaandika anafagia hekalu, na tutaandika kwa furaha, maana ni kazi takatifu. Hatutaandika mchungaji. Barua moja ya uongo ikijulikana, kesho mwimbaji wa kweli mwenye mwaliko wa kweli ataonyesha kashe yetu, na karani atacheka. Kashe ya kanisa ni jina la sisi wote.

Lakini bila uongo viza haitoki?

Tunasikia neno hili kila siku, na hatutalikimbia. Ni kweli kwamba watu wengine wamesema uongo na wako kule, wanakula na kunywa. Ni kweli pia kwamba watu wengine wamesema kweli yote na wamekataliwa. Hatutakudanganya kwamba Mungu ameahidi viza kwa kila mwenye kusema kweli. Hakuna andiko la namna hiyo. Yakobo alipata Gosheni. Musa alimwomba mfalme wa Edomu njia tu ya kupita, kwa maneno mazuri, na akakataliwa. Tunasoma hiyo katika Hesabu 20. Israeli hawakuvaa nguo za Waedomu ili wapite usiku. Waligeuka wakazunguka. Njia ilikuwa ndefu, lakini walifika.

Ukikataliwa, soma barua ya kukataliwa. Inaandika sababu. Kule Afrika ya Kusini sheria inatoa siku 10 za kazi ili mtu aombe dosie itazamwe tena. Kama hati ilikosekana, itafute. Kama feza haikutosha, ngoja, fanya kazi, urudi. Dosie ya kweli iliyokataliwa leo inaweza kufunguliwa kesho bila woga. Dosie ya uongo iliyokubaliwa leo, utaiogopa kila siku unayoishi kule. Kila barua ya ofisi itakutetemesha. Kila mtu wa kwenu atakuwa adui anayejua jina lako la zamani.

Na kuna neno juu ya wale waliokimbia vita. Goma ilianguka mwezi wa 1 mwaka 2025, Bukavu mwezi wa 2. Watu walitoka na watoto mgongoni. Hao, tusiwaombe kasie judisiere mbele ya kuwapa maji! Mkimbizi ana mlango wake, mbali na huu wa viza. Afrika ya Kusini ina sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998. Lakini wewe uliyelala katika nyumba yako, usiazime machozi yao. Ukisimulia mbele ya karani kifo ambacho hakikuingia kwenu, siku mama wa kweli atakaposimulia chake, karani atakuwa amechoka kusikia. Umeiba kitu ambacho hakina bei.

Muda si milele

Neno la mwisho ni kwa wale waliopata. Watoto wa Yakobo walimwambia Farao wamekuja kukaa kama wageni. Njaa ilikuwa imebakiza miaka 5. Lakini Yakobo aliishi Misri miaka 17, na uzao wake, kama Kutoka 12 inavyosema, ulitoka huko kisha miaka 430. Muda mfupi unajua kurefuka. Yakobo aliona hatari hiyo. Alipokaribia kufa alimwapisha Yosefu asimuzike Misri, bali amupeleke kwa baba zake. Hakuitukana Misri, iliyomulisha. Alikataa tu kusahau.

Sisi Wakongomani tunajua habari inayofanana na hiyo. Simon Kimbangu alikamatwa mwaka 1921 na kufungwa hapa Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, mbali sana na Nkamba. Alikufa katika kifungo tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 1951. Mwaka 1960 mwili wake ulirudishwa Nkamba. Yeye hakuomba kuja huku, na muda wake hakuuchagua. Lakini wenye kumupenda hawakusahau kwao ni wapi.

Basi wewe uliyepewa ruhusa: tuma feza, lakini tuma pia sauti yako. Bwana asiache mke miaka na miaka bila neno, na mke vilevile. Andikisha ndoa yako komini mbele ya safari. Andikisha kila mtoto, jina la kweli, tarehe ya kweli. Ujue tarehe ya mwisho ya viza yako kama unavyojua siku yako ya ubatizo. Sikia sheria ya inchi iliyokupokea. Na siku ya kurudi ikifika, rudi kwa mlango, usingoje kusindikizwa kama Abramu.

Na ninyi mliobaki, msimucheke anayerudi bila sanduku kubwa. Msimuulize ameleta nini. Mnamusukuma ndugu aseme uongo kule, halafu mnamuhukumu hapa. Nyumba inayomheshimu mtoto kwa feza tu inamufundisha kudanganya Farao.

Wapendwa, kuna gishe moja ambayo sisi wote tutafika, na kule hakuna komisionere. Vitabu vitafunguliwa, na dosie itasomwa kama ilivyo. Heri mtu ambaye dosie yake ya dunia na dosie yake ya mbinguni zina jina moja.

Tuombe

Ee Mungu wa Yakobo, unawaona wote wenye kusimama leo katika mistari mirefu, na makaratasi mkononi. Uwape kinywa cha kusema kweli na moyo usiotetemeka. Uwape makarani roho ya haki. Wanaokataliwa uwape malisho hapa kwetu. Wanaopata uwalinde, na nyumba zao uzilinde nyuma yao. Sisi watumishi wako utuokoe na tamaa ya Gehazi, ili mikono yetu isipokee kitu juu ya kile ulichotoa bure. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.